Kazi ya kujua mawe

Mwaka huu sisi wa darasa la sita tunaulizwa swali moja kila siku, nyumbani, njiani, hata mlangoni mwa kanisa: "Kisha egzameni deta, mutasoma nini?" Majibu munayajua. Udaktari, sheria, politekniki, informatike. Lakini mwenzetu mmoja wa matematike na fizika alijibu mbele ya wote, "Mie nitasoma mawe." Darasa zima likacheka. Wengine wakamwambia: "Sasa unasoma miaka yote hii juu ya kwenda kuchimba?" Sisi wakubwa wa wanafunzi tuliwanyamazisha, kwani njo kazi yetu, kisha tukaketi naye na kumwuliza vizuri. Tangu siku ile habari ya mawe haikutuacha.

Kwanza tutenganishe mambo. Mchimbaji anatoa jiwe katika udongo. Jeolojisti anatafuta jiwe liko wapi na lilizaliwa namna gani. Jemolojisti yeye anapewa jiwe mkononi, pengine dogo kama punje ya mchele, na anapaswa kusema: hili ni jiwe gani, ni la udongo ao limetengenezwa na watu, limepikwa ao kupakwa rangi, na bei yake inaweza kuwa ngapi. Hapa Haut-Katanga tumezoea kuhesabu mawe kwa tani. Makamyo yanapita kwenda Kasumbalesa mchana na usiku, na kila mtoto anajua shaba na kobalti. Jemoloji inahesabu kwa karati, na karati 1 ni gramu 0,2 tu. Labda njo maana hatuiwazi. Macho yetu yamezoea vitu vikubwa.

Lakini jiwe moja zuri tunalijua wote: malakiti. Nani hajaona katikati ya mji wauzaji wa bangili, tembo wadogo, masanduku na michezo ya dama ya rangi ya kijani yenye mistari? Ile malakiti ni shaba iliyoungana na kaboni, oksijeni na maji. Katika kilo 100 za malakiti safi muna shaba karibu kilo 57. Wazee wetu walijua hiyo bila kusoma kemia: waliyeyusha malakiti kwa makaa, katika tanuru za udongo wa kichuguu, na wakapata ile misalaba ya shaba ambayo ilitumiwa kama mali, hata kwa kuoa. Kwa hiyo wa kwanza kujua jiwe hili hawakutoka ngambo.

Malakiti ni jiwe laini. Kwenye kipimo cha ugumu kilichofanywa na Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho kinaanza na talki, namba 1, na kuishia kwa diama, namba 10, malakiti inapata 3,5 mpaka 4. Kisu kinaikwaruza. Hata tone la asidi linaifanya itoe povu. Ndiyo sababu bangili ya malakiti inapoteza mwangaza wake mbio ukiosha nayo vyombo (mwambieni mama zenu). Siku hizi kuna pia malakiti ya plastiki, mistari yake inadanganya macho kabisa, lakini ukiishika ni nyepesi na haina ubaridi wa jiwe. Tena tuseme jambo moja ambalo halitupendezi: vijana wanaochonga wanaketi katika vumbi la kijani mpaka kope zao zinabadilika rangi. Vumbi lile ni shaba na haifai kuivuta. Jiwe lingekatwa likiwa na maji, vumbi lingebaki chini. Maji ya ndoo moja si bei kali.

Sasa tufike kwa neno lililotufanya tuandike.

Katika kartiye yetu kuna mama mjane, ambaye mtoto wake ni finalisti pamoja nasi. Marehemu mume wake alipokea zamani mawe sita ya kijani kutoka kwa mtu wa upande wa Likasi aliyekuwa na deni lake. Mawe yale yalikaa miaka ndani ya fundo la kitenge. Mama aliposikia kwamba tunajisomea mambo ya mawe, alitufikia kisha ibada ya siku ya Mungu: "Bana yangu, muniangalilie hii. Banasema ni emerodi. Mutoto anamaliza masomo, mie sina minervali ya ku univerisite." Bwana mmoja wa motokari alikuwa amekwisha kuja mara mbili. Alitaka kuyachukua ayapeleke kukatwa, kisha, akiuza, atarudi na feza. Mama alikuwa hajakubali bado.

Mmoja wetu alitaka kujaribu kwa musumari. Tulimkataza. Jiwe la mtu halikwaruzwi. Njia ya jemolojisti ni kupima bila kuumiza. Tukaomba ruhusa kwa mwalimu wa fizika, tukaingia labo siku ya posho. Kila mwanafunzi wa darasa la tatu amejifunza habari ya Archimedes na maji, lakini wachache waliwaza kwamba siku moja itamsaidia mama wa jirani. Tulifunga mawe yote sita kwa uzi mwembamba na kuyapima hewani: gramu 6,6. Kisha tukayatundika chini ya mizani ndani ya bilauri ya maji. Hapo angalieni, vipovu vya hewa vinashika kando ya jiwe na kuharibu hesabu. Tuliviondoa kwa unyoya wa kuku. Ndani ya maji: gramu 4,6. Tukarudilia mara tatu, ile ile. Mawe yamepoteza gramu 2,0. Gawanya 6,6 kwa 2,0, unapata 3,3.

Emerodi ni karibu 2,7. Ingepoteza gramu 2,4 hivi. Kwa hiyo si emerodi. Glasi ya chupa nayo ni nyepesi kuliko ile. Na kwa lupu ya kukuza mara kumi tuliona nyuso za krisitali zilizokomaa zenyewe, bila mkono wa mtu, na kijani chenye bluu kidogo ndani. Mwalimu alifungua kitabu, akaweka kidole: dioptazi. Ni jiwe la shaba na silisi, linapatikana kwetu Katanga penye madini ya shaba. Lakini alitukataza kusema neno mbele ya kwenda Unilu kwa watu wa jeoloji. Tulienda. Walikubali.

Kumwambia mama ilikuwa ngumu kuliko kupima. Tulikwenda watatu, na wawili wakaniangalia mimi mkubwa wao, nami nikawaangalia. Hatimaye tulisema polepole, kila mtu sehemu yake. Mama aliuliza: "Njo kusema aina kitu?"

Hapana, mama, iko na kitu. Emerodi ina ugumu 7,5 mpaka 8, inavumilia pete. Dioptazi ina ugumu 5, na ndani yake kuna njia za kupasukia. Fundi akiikata, mara nyingi inavunjika. Katika duka la pete haina nafasi kubwa. Lakini kuna watu Ulaya na Marekani wanaokusanya krisitali kamili jinsi zilivyotoka katika udongo, na dioptazi ya Katanga inajulikana kwao. Kwa hao, jiwe zima lenye ncha zake ni mali, na jiwe lililokatwa ni vumbi. Bei yake haifiki bei ya emerodi hata kidogo. Haitajenga nyumba.

Mama alinyamaza muda, akafunga tena fundo lake, akasema tu: "Ule bwana wa motokari alikuwa anataka kuzikata." Mbili kati ya mawe sita zina ncha zilizovunjika, nne ni kamili. Minervali ya mwenzetu haijatimia mpaka leo tunapoandika, lakini mawe yangali kwa mama, na bwana yule ameambiwa asirudi.

Musifikiri kwamba kosa hili ni la watu wa kartiye tu. Mwishoni mwa miaka ya 1700, wachimbaji wa shaba katika nchi inayoitwa leo Kazakhstan walipata mawe ya namna hiyo hiyo, na yakapelekwa kwa mfalme wa Urusi kama emerodi. Mwaka 1797 mtaalamu Mfaransa René Just Haüy alionyesha kwamba ni jiwe lingine, akalipa jina hilo la dioptazi. Tena karibu yetu, Tanzania, mwaka 1967, pale Mirerani walipopata mawe ya bluu, kulikuwa watu waliodhani ni safiri. Kumbe ni zoisiti, jiwe lisilojulikana kwa rangi ile. Kampuni ya Tiffany ililiita tanzaniti mwaka 1968. Hata katika Biblia, mawe kumi na mawili ya kifua cha Haruni (Kutoka 28) hayaitwi sawasawa katika tafsiri zote, kwa sababu watu wa kale waliita mawe kwa rangi. Na rangi ni shahidi mwongo.

Neno la hatari nalo lisemwe. Shinkolobwe, ambako uraniumu ilijulikana tangu 1915, kulitoka mawe ya manjano na kijani mazuri ajabu. Katika miaka ya 1920 wataalamu waliyapa majina kama kuriti na bekereliti, kwa heshima ya Pierre Curie na Becquerel. Hayo si ya kuvaa wala kuweka chini ya kitanda. Yanatoa miali. Mahali pale palifungwa kwa amri ya serikali mwaka 2004.

Basi mtu anasoma wapi? Mwenzetu amekwisha kupanga: kwanza jeoloji hapa Unilu, kwa kuwa iko mlangoni na hakuna haja ya ndege. Kisha cheti cha jemoloji. London walianza mtihani wake mwaka 1913, Marekani shule ya GIA ilianzishwa 1931, lakini zile ni feza nyingi na ni kingereza tupu. Arusha kuna kituo cha serikali ya Tanzania cha kufundisha kupima na kukata mawe, na kule Kiswahili chetu, hata wakikicheka kidogo, kitasikilika. Kwetu Kongo, CEEC, ofisi ya taifa iliyoanzishwa 2003, njo inayopima na kukadiria diama, zahabu na mawe ya rangi; kazi ya namna hii iko pale. Mwezi wa sita 2020 mchimbaji Saniniu Laizer aliuzia serikali ya Tanzania tanzaniti mbili, moja ya kilo 9,27 na ingine ya kilo 5,1, kwa shilingi bilioni 7,74. Sisi tunaona kwamba ajabu haiko katika ukubwa wa mawe peke yake. Mbele yake kulikuwa mtu wa kupima, na bei ikasemwa wazi.

Ninyi wadogo wa darasa la tatu na la nne, musiache fizika ya mwangaza na kemia. Kingereza vile vile.

Mwalimu ametupa ruhusa ya labo kila siku ya posho, saa nane mpaka saa kumi. Aliye na jiwe nyumbani alilete likiwa limefungwa katika kitambaa, asilikwaruze, asilioshe kwa ndimu. Kupima hakulipiwi.

Mkubwa wa wanafunzi, darasa la sita