Theluji ya Pamba

Novemba haijafika nusu, na vijana wanaopakia filamu kwenye flashi kule Nyawera, hapa Bukavu, wameshaanza kuulizwa zile za Noeli. Si za Yesu. Za mapenzi. Mteja, mara nyingi binti aliyetumwa na dada zake, analipa, anangoja kidogo, kisha anaondoka na mapenzi ya msimu mzima mfukoni.

Sisi tuliokulia Kadutu miaka ya themanini tuliingoja filamu ya Noeli sebuleni kwa jirani, mwalimu, aliyekuwa na televisheni yenye tumbo kubwa nyuma, iliyoshinda mchana kutwa chini ya kitambaa cha kufuma kana kwamba nayo ilisikia baridi, na deki ya video iliyopanda kutoka Bujumbura kwa njia ya Uvira, na kaseti chache zilizochakaa hata nyuso za wapenzi zikakatwa na mistari myeupe kila walipokaribiana. Tulivua viatu mlangoni, maana Desemba ni mvua na udongo wa Kadutu haubanduki, tukakaa chini kwenye saruji iliyong'arishwa kwa nta nyekundu, wakubwa wakachukua viti, na chumba kikajaa harufu ya nguo mbichi, ya mawese yaliyobaki mikononi, ya matawi ya msipresi yaliyosimamishwa ndani ya kopo la maziwa ya unga na kubandikwa pamba ya duka la dawa ili iwe theluji.

Televisheni ya serikali haikutusaidia sana. Kabla ya habari ilituonyesha Mobutu akishuka kutoka mawinguni, na hayo ndiyo yalikuwa Majilio yake. Wazazi walitusimulia jinsi mwaka 1974 tarehe 25 Desemba ilivyofutwa kwenye orodha ya sikukuu za Zaire; mchana ukawa wa kazi, usiku wali ukapikwa vilevile.

Kaseti iliyorudiwa kuliko zote ilikuwa Sissi, ya mwaka 1955, Romy Schneider akiwa binti wa Bavaria anayependwa na mfalme mkuu wa Austria. Wala si filamu ya Noeli, ila televisheni za Ulaya zilizoea kuionyesha msimu huo, basi na kwetu ikawa ya Noeli. Ilisema Kifaransa. Mwalimu akatugeuzia Kiswahili, mkewe akamgeuzia mama mkwe lugha ya Mashi, na maneno yakaongezeka njiani: mfalme alisema neno moja, bibi akasikia matatu. Bibi ndiye aliyeuliza maswali ya maana. "Huyu kijana amekuja peke yake? Baba zake wadogo wako wapi? Na ng'ombe?" Wanaume wakacheka, kisha wakaanza kuhesabu kwa dhati ng'ombe ambao ukoo wa Vienna ungetoa kama binti angekuwa wa Walungu, na aliyetaka kuisikia filamu akaomba kimya asikipate.

Halafu umeme unakatika. Mto Ruzizi unatoka ziwani hapa hapa mjini. Bwawa la kwanza lilijengwa juu yake zama za Wabelgiji, la pili likaanza kazi mwaka 1989 kwa ajili ya Zaire, Rwanda na Burundi, na bado giza halikututupa. Mwisho wa filamu tukajitungia wenyewe, tukiteleza kurudi kwetu, na ubishi ukaendelea mpaka Bonane, yaani Mwaka Mpya.

Televisheni ile haikuzeeka. Juni 2004, mji ulipoporwa, ilitoka mlangoni ikiwa begani mwa mtu.

Za leo zinakuja kwa wingi. Ukifuatilia asili yake unafika Kansas City, kwa Hallmark, kampuni iliyoanza mwaka 1910 kwa kuuza kadi, biashara ambayo sisi tuliotundika kadi za Noeli ukutani kwa uzi tunaielewa vizuri. Usiku wa tarehe 24 Desemba 1951 ilidhamini Amahl and the Night Visitors, opera ya kwanza kutungwa kwa ajili ya televisheni. Idhaa yenye jina lake ilianza mwaka 2001, na tangu 2009 hufululiza filamu za Noeli wiki nyingi kabla ya sikukuu. TF1 na M6 za Ufaransa huzirusha mchana, zikiwa zimetiwa Kifaransa, na Kifaransa hicho ndicho kinachofika kwetu. Hadithi unaijua hata kama hujaiona: mwanamke mwenye kazi kubwa mjini, kijiji chenye taa nyingi kupita kiasi, mwanamume aliyefiwa na mke akaachiwa mtoto mmoja mwerevu, biskuti, na busu dakika za mwisho. Binamu yangu aliyeko Kanada anasema nyingi hupigwa huko, karibu na Vancouver, tena mara nyingi wakati wa joto, waigizaji wakitoka jasho ndani ya makoti, theluji ikiwa ya bandia. Kumbe pamba yetu haikuwa ushamba.

Mpwa wangu huzitazama chini ya blanketi, vipokea sauti masikioni, simu ikiwa imeshiba umeme wa jua. Hakatiziwi. Wala hakuna wa kumfukuza, jambo ambalo nalipima kwa uzito wake, kwa kuwa watoto ambao mama zao walikuwa hawasemezani na mke wa mwalimu waliangalia wakiwa dirishani, nje, mvuani, hadi pazia lilipovutwa. Pazia lile silitamani. Lakini mpwa hucheka peke yake, nami nikiuliza kuna nini, nisimulie, jibu ni moja.

"Nitakutumia, shangazi."

Na hunitumia. Nilikuwa nazidharau. Tangu Februari 2025 mji uko mikononi mwa waasi wa M23. Benki zilifunga, watu wanawahi kuingia ndani, na katika nyumba iliyofungwa mapema, filamu ambayo balaa lake kubwa ni ndege iliyokwamishwa na theluji ina faida yake. Kavumu, kwenye uwanja wetu wa ndege, safari za abiria zilikoma mwezi huo huo wa Februari, bila theluji yoyote.

Noeli iliyopita mpwa alichomeka flashi kwenye televisheni, kwa heshima ya mama yangu, aliyeuza vikwembe Nyawera karibu maisha yake yote, na wenzake wawili wa sokoni. Safari hii hakuna aliyeulizia ng'ombe. Walitulia mpaka yule mwanamke alipoandika barua ya kuacha kazi ili abaki kijijini na mwanamume wake, muuza miti ya Noeli.

"Anaacha mshahara wa kila mwezi?" mama akauliza. "Kwa mtu anayeuza mwezi mmoja?"

Mpwa akasema ni mapenzi. Mama mmoja akasema mapenzi yangepanda basi yakamfuata yeye mjini. Mwingine akataka kujua mti mmoja ni dola ngapi, maana huko pengine ni ghali, na msafirishaji analipwa na nani. Wakaanza kumpigia hesabu.