Lacha wako asubiri mwakani

Mpwa wangu,

Barua yako imefika, na picha ya mbwa nimeiona. Umeniuliza lini umwanzishe kazi, nami nakujibu kabla ya maelezo: msimu huu asikimbize sungura hata mmoja. Ana miezi saba. Umtembeze mashambani, umfundishe, umzoeshe watu na wanyama, lakini mbio za kweli zingoje Oktoba ya mwakani.

Najua jibu hili halitakupendeza. Wenzako huko Lincolnshire, Uingereza, wanakwambia wa kwao walianza na miezi minane, na huyo wako mwenyewe akiona jani linatikisika anasimamisha masikio na kutetemeka mwili mzima. Hamu hiyo kazaliwa nayo, ni damu ya greihaundi. Lakini hamu hutangulia mifupa kwa miezi mingi, na hapo ndipo vijana wengi wanapoharibu mbwa wazuri.

Mwite sasa hivi umpapase mguu wa mbele. Juu kidogo ya kifundo utakuta mfupa umetuna, mnene kuliko sehemu iliyo juu yake. Hapo mfupa bado unakua. Ndani mna tabaka la gegedu, laini kuliko mfupa wenyewe, na kwa mbwa wa ukubwa wake tabaka hilo hugeuka mfupa mgumu baina ya miezi 12 na 18. Sasa fikiria anakimbia kwa nguvu zake zote, sungura anakata kona, naye anageuka ghafla uzito wote ukiwa juu ya mguu mmoja. Tabaka hilo likiumia, mfupa mmoja wa mguu unaweza kuacha kukua na mwenzake ukaendelea, na mguu ukapinda. Daktari wa mifugo ataupasua na kuunyoosha anavyoweza, ila mbwa wa mbio ndiyo basi tena. Uvimbe huo wa kifundo utausikia ukipungua kadiri anavyokua. Ukitaka uhakika, picha ya eksirei itakuonyesha.

Si kila lacha, mbwa chotara wa mbio, hukomaa kwa wakati mmoja. Wale wadogo, wa wipeti na teria wa Bedlington, huwahi. Wenye damu ya saluki, mbwa wa Waarabu ambaye jamaa zetu wa Oman wanamjua vizuri, huchelewa mwili na akili pia, na wanaowajua huwangojea hata miaka miwili. Wa kwako ni greihaundi na koli, yuko katikati. Akili ya koli itamfanya ajifunze upesi, mema na mabaya.

Na hili la akili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko mifupa. Mbwa mchanga akiachiwa sungura mzima, mwenye nguvu, anayejua tundu lake liko wapi, atamkosa. Atamkosa wa pili, na wa tatu. Baada ya hapo wengine huanza kubweka huku wakikimbia, kwa hasira ya kukosa, na mbwa anayebweka anawatahadharisha sungura wa shamba zima. Wengine hukata tamaa, wanakimbia nusu ya njia na kurudi. Tabia hizo zikishaingia, kuzitoa ni kazi kubwa, na mara nyingi hazitoki. Lacha anatakiwa akue akiamini kwamba akitumwa, atapata.

Basi mwaka huu una kazi gani? Una kazi nyingi. Kwanza, aje akiitwa. Aje mara ya kwanza, hata kama kuna harufu nzuri mbele yake. Pili, kondoo. Mtembeze kati yao akiwa kwenye kamba, siku nyingi, mpaka awapite asiwatazame. Kule uliko, mbwa kusumbua kondoo ni kosa la jinai tangu sheria ya mwaka 1953, na mkulima anayempiga risasi kulinda mifugo yake anaweza kuwa na utetezi mbele ya sheria. Tatu, kuleta. Akija na kiatu chako mdomoni, usimkemee na usimnyang'anye. Chuchumaa, mpokee kwa upole, msifu. Mbwa anayekimbizwa na kunyang'anywa hujifunza kuzunguka mbali na bwana wake, na huyo atakutesa maisha yake yote. Kuruka uzio mfundishe kwa kizuizi cha chini kabisa. Virefu viache mpaka avuke mwaka na nusu.

Akifika mwaka, umpeleke kwa watu wenye fereti, yule mnyama mwembamba wa jamii ya kicheche anayeingizwa shimoni kuwatoa sungura. Mfunge kamba, akae, atazame nyavu zikitegwa na sungura wakinaswa. Atajifunza kusimama juu ya tundu lenye sungura na kulipita lililo tupu bila kupoteza muda. Hamna mbio hapo, na faida yake ni kubwa.

Kwetu sisi mafunzo haya yana uzito mwingine. Aya ya 4 ya Sura ya Al-Maida imehalalisha mawindo ya mbwa aliyefundishwa, na sisi Washafii tunajua masharti yake: akitumwa aende, akizuiwa asimame, asile alichokamata, na haya yawe yameshakuwa mazoea yake. Akila, nyama ile si halali kwako. Lacha aliyelelewa vizuri atakuletea sungura yu hai mkononi, ukachinja mwenyewe. Piga bismillahi unapomwachia, wala usingoje arudi. Na chombo alichokilamba unajua namna ya kukiosha, mara saba, moja kwa udongo. Mwambie mkeo asihofu, mbwa akae nje kwenye banda lake.

Sheria ya nchi nayo usiichezee. Tangu tarehe 18 Februari 2005 ni marufuku Uingereza kuwinda wanyama pori kwa mbwa, isipokuwa wachache, na sungura wadogo wa mashimoni wamo katika walioruhusiwa, kwa idhini ya mwenye shamba. Wale wakubwa wenye masikio marefu, wanaolala juu ya ardhi, hawamo. Wakikimbia mbele yenu, mfunge kamba mbwa wako papo hapo. Mwaka 2022 adhabu ziliongezwa: kuingia shamba la mtu kwa nia ya kuwakimbiza kunaweza kukupeleka jela miezi sita, na mahakama inaweza kukuzuia kufuga mbwa. Lincolnshire wanalifuatilia sana jambo hili, na kijana wa sura yetu mwenye lacha alfajiri ataulizwa. Idhini iwe ya maandishi, iwe mfukoni.

Sasa ile siku yenyewe, inshallah Oktoba ijayo, mvua ikishalainisha ardhi. Kiangazi udongo huwa mgumu na vidole vya mbwa huvunjika. Chagua mchana, usichague usiku wa tochi, maana gizani mbwa mgeni haoni waya. Ukague uwanja kwa miguu yako kwanza: waya, mashimo, vyuma vya zamani vya mkulima. Tafuta sungura aliyetoka mbali na tundu lake, mbwa awe karibu, upepo ukikujia usoni. Akipata mmoja, mfunge kamba mrudi nyumbani, hata kama mko dakika kumi tu shambani na kuna wengine wanaonekana. Nyumbani mkague baina ya vidole na kwenye kucha, umpapase vifundo vyote viwili kuona kama kuna joto.

Na kwa ile idhini, mkulima jirani yako mwendee sasa, usingoje mwakani, akujue na amzoee mbwa wako akiwa bado mdogo. Wasalimie wote nyumbani.

Mjomba wako