Pango Lililoachwa Tupu



Juma hili twapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya nyumba ya sala isiyo yetu, ambayo vijana wetu wameijenga upya kwa matofali yasiyoshikika kwa mkono. Nyumba hiyo yaitwa Paro Taktsang, nayo ipo Bhutan, nchi ndogo ya milima ya Himalaya iliyo kati ya India na China. Ni monasteri ya Wabudha, na jina lake lina maana ya maskani ya simbamarara. Mapokeo ya huko yasema kwamba katika karne ya 8 mwalimu wao Padmasambhava alifika kwenye jabali hilo akiwa mgongoni mwa simbamarara jike, akakaa pangoni akitafakari kwa miaka 3, miezi 3, majuma 3, siku 3 na saa 3. Ujenzi wa monasteri kulizunguka pango ulianza mwaka 1692. Kuta zake nyeupe zimeshikamana na uso wa jabali, mita zipatazo 900 juu ya bonde la Paro, na mtu aliye chini hujiuliza waashi walisimama wapi.

Vijana kadhaa wa parokia walichagua kuijenga nyumba hiyo wakati wa likizo, katika mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft. Kwa wazazi wasioufahamu, tueleze kwa ufupi. Mchezo huo ulitungwa Sweden, na toleo lake kamili lilitoka mwaka 2011. Ulimwengu wake wote umefanywa kwa matofali ya mchemraba, kila moja likihesabiwa kuwa mita 1 kila upande. Watu wengi huweza kuingia katika ulimwengu mmoja kwa wakati mmoja, kila mmoja kwa kompyuta yake: huyu achonga mwamba, yule aezeka paa, mwingine apanda miti. Vijana walituomba tuwasaidie kusoma habari za mahali hapo, nasi tukaketi nao jioni kadhaa katika ukumbi wa parokia.

Haukupita muda tukaulizwa na baadhi ya wazazi katika jumuiya: je, yafaa mtoto wa Kikatoliki ajenge hekalu la Wabudha? Swali hilo ni la haki, wala hatukulipuuza. Tuliwakumbusha wapendwa hao kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko *Nostra Aetate* la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kuwa Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine, na Ubudha ukatajwa humo kwa jina. Kujenga mfano wa nyumba si kuabudu ndani yake. Hata hivyo, tulijua kwamba jibu hilo halijakamilika. Heshima haipimwi kwa nyaraka tu, hupimwa pia kwa namna mtu anavyokishika kitu kitakatifu cha mwenzake pale ambapo mwenyewe hayupo kumwona.

Jambo la kwanza lililowafundisha vijana ni jabali lenyewe. Tangu mwaka 2021 ulimwengu wa mchezo huo una kimo cha matofali 384 tu, toka chini kabisa hadi juu kabisa. Mita 900 hazingii humo. Walibishana sana, mwishowe wakaijenga monasteri kwa kipimo chake na kulipunguza jabali. Kadhalika njia. Hujaji wa kweli hupanda kwa miguu saa 2 hadi 3, farasi huweza kumbeba nusu ya njia tu, kisha hushuka ngazi hadi kwenye daraja lililo karibu na maporomoko ya maji, na hupanda tena. Wajenzi wetu walikuwa wakiruka angani kama ndege. Ngazi zilikuwa zimekamilika, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amezipanda.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Picha za nje ya Taktsang ni nyingi mno. Za ndani vijana hawakupata, kwa kuwa kila mgeni hutakiwa kuacha kamera na simu langoni kabla ya kuingia. Basi pangoni kuwekwe nini? Mmoja wao, fundi hodari kuliko wote, alitaka kuweka masanduku ya hazina na mtego wa baruti. Hakuwa na nia mbaya. Katika mchezo huo, mahekalu ya jangwani ambayo mtu huyakuta yamekwisha kujengwa huwa na masanduku kama hayo na mtego chini yake, na wachezaji huyatafuta kwa ajili hiyo. Alisema: "Padre, mchezo ni mchezo. Pasipo na kitu ndani, nani atakuja kuona kazi yetu?"

Binti mmoja wa kidato cha tatu akamjibu: "Na wao wakijenga kanisa letu, wakaweka mtego ndani ya tabernakulo, tutasema mchezo ni mchezo?"

Ukumbi ulikaa kimya. Kijana yule aliinuka akaondoka, na kwa siku mbili hakuja. Nasi hatukumfuata kumhubiria, kwani swali aliloulizwa lilitosha.

Katika siku hizo mbili tulizungumza na waliobaki juu ya moto. Tarehe 19 Aprili 1998 Taktsang iliungua, na majengo yake makuu yakateketea. Wabhutan waliijenga upya, na kazi ikakamilika mwaka 2005. Tuliwakumbusha pia monasteri ya Monte Cassino nchini Italia, iliyoanzishwa na Mtakatifu Benedikto, ambaye wanawe wa kiroho twawafahamu hapa kwetu kwa abasia za Peramiho na Ndanda. Mabomu ya vita yaliibomoa tarehe 15 Februari 1944, na Papa Paulo VI akaitabaruku upya tarehe 24 Oktoba 1964. Katika mchezo, ukitunza nakala, jengo lililoungua hurudi kwa dakika chache. Kule Bhutan ilihitajika miaka, na kule Italia miaka 20. Watu hawavumilii kazi ya namna hiyo kwa ajili ya kuta tupu. Huvumilia kwa sababu kuna jambo lililokuwa likitendeka ndani, nao wataka liendelee.

Siku ya tatu kijana aliporudi, alikuja na wazo ambalo sisi hatukulifikiria. Alisema sanduku libaki, ila litoke pangoni liwekwe langoni. Kila mchezaji afikaye atue humo panga lake, sururu yake na vyote alivyobeba, kisha aingie mikono mitupu, kama wafanyavyo wale waachao kamera. Binti yule aliongeza sharti moja: afike kwa ngazi, asiruke. Wote wakakubali. Pango likaachwa tupu, lenye giza na taa moja ndogo mlangoni.

Wapendwa, twaona hapo fundisho kubwa kuliko mchezo. Sanduku ni lile lile. Likiwa ndani, lilimwalika mgeni aje kuchukua. Lilipohamishiwa langoni, likamwalika aje kuacha. Huo ndio mpaka kati ya mtu anayezuru mahali patakatifu na mtu anayepapora, na mpaka huo haubadiliki iwapo mahali hapo ni petu au ni pa wengine, pawe pa mawe au pa picha za kioo cha kompyuta. Wala vijana hawakudai kujua yaliyomo moyoni mwa Mbudha anayesali. Waliacha nafasi kwa wasichokijua, na hiyo nayo ni namna ya ukweli.

Twawasihi wazazi mketi na watoto wenu wanapojenga, muwaulize wanajenga nini na ndani yake wameweka nini. Twawasihi pia sote, tunapopita msikitini kwa jirani kwenye msiba, au tunapoingia kanisani mwetu Jumapili hii simu zikiwa mfukoni, tujiulize ni nini kipasacho kubaki langoni.

Tuwatakie Juma jema, na amani ya Bwana iwe nanyi nyote.