Salamu Hazina Bando

Ndugu zangu wa Bariadi,

Huku Leeds ni saa kumi jioni na giza limeanza kutanda. Jumapili iliyopita nilimpigia mayu, mama yangu, kwa WhatsApp nikiwa na jambo la haraka. Kama kawaida yetu Wasukuma, tukaanza na salamu: mvua imenyesha? Pamba imeota? Ng'ombe je? Majirani? Tulipofika kwa mjomba wa Maswa, kimya. Bando la mayu limekata, na jambo langu sijalitamka.

Simu yangu ni ya mkataba wa miezi 24. Kabla ya kunipa, walichungulia kwanza historia yangu ya madeni, utadhani naomba mkopo wa trekta. Sasa kila mwezi hela inakatwa benki yenyewe. Dakika hazina kikomo, meseji hazina kikomo, na GB mwezi unaisha sijazimaliza. Habari za kubonyeza nyota na reli nimezisahau.

Msinionee wivu haraka. Hata huku bei hupanda katikati ya mkataba. Kampuni zilizoea kupandisha kwa kufuata mfumuko wa bei, hadi mdhibiti, Ofcom, akaamuru kwamba mikataba mipya kuanzia 17 Januari 2025 itaje mapema, kwa paundi na peni, ongezeko litakuwa kiasi gani. Niliposoma habari hiyo nilikumbuka Aprili 2021 huko nyumbani, vifurushi vipya vilipotoka, watu wakaona hela ileile inanunua MB chache, na kelele zikawa nyingi hadi utaratibu ule ukasitishwa.

Kubwa zaidi liko kwenye yale maandishi madogo. Dakika zangu zisizo na kikomo ni za namba za Uingereza tu; +255 haimo. Nikipiga Bariadi moja kwa moja, nalipishwa kila dakika nje ya mkataba. Ndiyo maana nakimbilia WhatsApp, na huko anayepokea naye analiwa MB zake. Basi mimi mwenye GB za kumwaga naongea kwa kipimo cha mayu mwenye MB za kuhesabu.

Niliwahi kumuuliza kwa nini asijiunge kifurushi cha mwezi, maana kwa kawaida MB zake ni nafuu kuliko za siku. Akanijibu kwamba hela ya pamba huja kwa msimu, ila hela ya nyanya sokoni huja kwa siku, na kifurushi chake kinafuata nyanya. Hapo nikaelewa: unafuu unauzwa kwa mwenye hela zote mkononi leo. Asiyekuwa nazo hununua kidogo kidogo, kwa bei kubwa, na saa 24 zikitimia kilichobaki kinaweza kupotea.

Nikajifanya mjanja. "Mayu, tuanze na la muhimu, salamu zifuate."

Akacheka sana. "Ng'wanone, kwani la muhimu ni lipi? Salamu hazina bando."

Jana nilimtumia vocha ya kifurushi cha mwezi mzima. Jumapili hii nimepanga tuanzie pale tulipokatikia, kwa mjomba wa Maswa.

Lakini namjua mayu. Ataanza upya na mvua.

Wenu wa ughaibuni.