Usiku 20 Ufaransa: Tulivyopanga Safari Yetu ya Kustaafu



Tokea niigusie safari yetu ya Ufaransa, maswali hayanishi. Wapo wanaouliza kwa furaha, na wapo wanaouliza huku midomo wameibinua: "Kiinua mgongo cha mkunga na mwalimu mwende mkakimalizie Paris?" Leo nawajibu wote kwa pamoja. Inshaallah tunaondoka katikati ya Septemba, mume wangu na mimi, usiku 20, miji mitatu. Naandika kwa wastaafu wenzangu, lakini na nyinyi maharusi watarajiwa mnaopanga fungate msipite, maana hesabu ni ile ile.

Kwanza nia. Hija tulishaitimiza, Alhamdulillah, deni la mtu hatuna, na watoto wote wako majumbani kwao. Pesa tuliyotenga ni fungu tu, si kiinua mgongo chote. Marehemu mama yangu alikuwa Mngazija, na mdogo wake, mama mdogo wangu, yuko Marseille tokea miaka ya sabini. Wangazija Marseille ni maelfu kwa maelfu, ni kama kisiwa chengine cha Ngazija kilichopandikizwa Ulaya. Sasa mama mdogo ana miaka 84 na kumbukumbu zinamtoka. Zipo siku kwenye simu ananiita kwa jina la mama. Nataka nimkute bado ananijua. Safari ni hiyo, na kuunga udugu ni ibada. Paris iko njiani tu.

Mume wangu naye ana yake. Alisomesha jiografia miaka 34. Mito ya Ulaya aliichora ubaoni kwa chaki mpaka mkono ukazoea wenyewe, na hajawahi kuuona hata mmoja. Orodha yake ya mwanzo ilikuwa Paris, Strasbourg, Lyon, Nice, Marseille, Toulouse na Bordeaux. Miji saba! Na magoti yake mnayajua, ngazi za msikiti wetu tu anazipanda kwa kushika ukuta.

Sikumkatalia. Nilitandika ramani juu ya jamvi, nikamwambia tuhesabu kitu kimoja tu: mara ngapi tutafunga mabegi. Kila kuhama mji kunakula nusu siku. Unatoa chumba asubuhi, unangoja stesheni, unapanda treni, unafika, halafu unangoja chumba kipya kifunguliwe mchana. Miji saba ni siku tatu au nne nzima za kukaa na mabegi miguuni. Alinyamaza, akachukua penseli mwenyewe. "Mama watoto, mengine futa," akasema, "lakini Rhône niachie."

Rhône kaachiwa. Mto huo unaanza kwenye barafu za milima ya Uswisi, unapita ziwa la Geneva, unakutana na mto Saône mjini Lyon, kisha unateremka kusini mpaka bahari ya Mediterania, magharibi ya Marseille. Basi njia ikajichora wenyewe, mstari mmoja kutoka juu kwenda chini: Paris, Lyon, Marseille. Treni ya mwendo kasi, TGV, inatoka Paris kufika Lyon kwa kama saa mbili, na kutoka Lyon kufika Marseille ni chini ya saa mbili. Ndege tutaingilia Paris na tutatokea Marseille, tusirudi tulikotoka. Kurudi nyuma ili upande ndege ni siku nyengine na usiku mwengine wa kulipia. Na tiketi za treni zikifunguliwa, miezi kadhaa kabla, nunua mapema. Kadiri siku zinavyokaribia ndivyo bei inavyopanda.

Mwezi tumeuchagua kwa saa ya sala. Mwezi wa Juni, Paris, jua linazama karibu saa nne usiku, Isha inakaribia saa sita, na Alfajiri haikawii kuingia. Mzee gani atalala? Katikati ya Septemba Maghribi ni kama saa mbili usiku, na kila siku inasogea mapema. Joto limepungua, na watoto wa Kifaransa wameshafungua skuli, basi vyumba vinapatikana kwa urahisi zaidi.

Usiku wetu tumeugawa hivi: Paris 5, Lyon 3, Marseille 12. Hapa wanawake wenzangu angalieni jambo. Sisi wa madhehebu ya Shafii, msafiri akinuia kukaa pahala siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, anakuwa kama mkaazi na anasali sala kamili. Kwa hiyo Lyon tutapunguza na kukusanya, lakini Paris na Marseille tutasali kamili, kila sala kwa wakati wake. Mpango wa malazi unagusa mpaka sala yako, basi mwulize sheikh wako kabla hujalipa, usije ukaulizana na mumeo uwanja wa ndege.

Paris tumechukua chumba upande wa stesheni ya Gare de Lyon, kwa sababu treni yetu inaondokea hapo hapo. Ng'ambo ya mto Seine, si mbali, kuna Msikiti Mkuu wa Paris, uliofunguliwa mwaka 1926 kwa kumbukumbu ya Waislamu waliokufa wakiipigania Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Una bustani ndani na mkahawa wa chai ya nanaa. Mbele yake kuna Jardin des Plantes, bustani kubwa ya kutembea taratibu. Treni za chini ya ardhi Paris zinasifiwa, lakini stesheni zake nyingi ni za ngazi na hazina lifti. Mwenye magoti na apande basi. Basi linaingilika kwa urahisi, na unauona mji.

Kabla ya kulipia malazi yoyote niliuliza mambo manne. Pana lifti? Nyumba nyingi za zamani hazina. Pana jiko? Chooni maji yanafika? Na nafasi inafutika bila ya kutozwa? Vyoo vingi vya huko ni vya karatasi, basi kopo dogo la plastiki liko kwenye begi langu kabla ya nguo. Juu ya bei mtaongezewa kodi ya mji, inayohesabiwa kwa kila mtu kwa kila usiku. Si kubwa, ila usishangae.

Tabu ya kweli ilikuwa Marseille. Binti wa mama mdogo, ambaye ni mdogo wangu, aliposikia tunatafuta fleti ya kukodi alinipigia sauti imembadilika. "Dada, mlale kwa watu na mimi nna nyumba? Watu watasemaje?" Nyumba yake iko ghorofa ya tatu bila ya lifti, vyumba viwili, watu watano, choo kimoja. Kuikataa ni kumvunjia heshima. Kuikubali ni kumpandisha mume wangu ngazi zile mara nne kwa siku, kwa siku 12. Usiku ule sikulala.

Sikubishana naye. Niliomba nizungumze na mama mdogo siku akiwa mzima wa fikra. Ikachukua wiki mbili. Siku hiyo alinijua, akasema maneno matatu tu: "Ulale na mimi." Utotoni, alipokuwa akija Unguja kwa dada yake, mimi ndiye niliyelala ubavuni mwake. Alilokuwa akilitaka ni mtu wa kumlaza. Fleti hakuitaja.

Basi tukapatana. Tumekodi fleti ndogo yenye lifti, mitaa miwili kutoka kwao, kwa usiku wote 12. Mume wangu atalala huko. Mimi nitalala kwa mama mdogo usiku tatu za mwanzo, na nyengine kila atakaponitaka. Mdogo wangu ameweka sharti moja: chakula cha mchana kila siku ni kwake, tusithubutu kupika wenyewe. Shemeji yake atapanda ngazi mara moja kwa siku, atashuka baada ya Laasiri. Heshima imebaki, magoti yamesalimika.

Kwa nini siku 12? Nimezalisha wanawake miaka mingi, na ukunga umenifundisha kwamba tarehe tunaiandika sisi, mtoto anakuja na saa yake. Na mgonjwa wa kumbukumbu ndivyo alivyo. Siku yake njema huwezi kuiwekea nafasi kama chumba. Unachoweza ni kuiachia nafasi. Tungekwenda siku mbili, zikaangukia siku zake mbaya, ningerudi nyumbani sikumwona.

Makaratasi sasa. Viza ya Schengen inaruhusu mpaka siku 90 ndani ya siku 180. Ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Bima ya safari iwe ya kuanzia yuro 30,000, na uoneshe malazi ya kila usiku. Ukinuia kulala kwa ndugu, yeye ndiye anayekwenda ofisi ya meya wa mji wake kuomba karatasi iitwayo attestation d'accueil, basi mpe muda wa kutosha.

Na stara. Mtandio barabarani haukatazwi, nitavaa buibui langu kama kawaida. Niqabu imekatazwa hadharani kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2010, basi mwenye kuvaa apime kabla ya kukata tiketi. Dukani, maneno ya kuhifadhi ni porc, saindoux, gélatine na vin: nguruwe, mafuta yake, jelatini na mvinyo. Nyama tutanunua kwenye bucha za halali, na Marseille hazitutatizi.

Maharusi wangu, mkikaa na waume zenu kupanga fungate, kila mmoja aandike kitu kimoja asichotaka kukikosa. Kimoja tu. Vitu hivyo viwili vitawaonesha njia, na siku zinazobaki ziacheni wazi, msizijaze miji. Mimi changu ni mama mdogo, chake ni mto. Tuombeeni tuvikute vyote viwili.