BUKAVU MPAKA KINSHASA NI SAA NGAPI?

Watoto wakiwauliza jioni Kinshasa iko mbali kiasi gani, msishangae. Hesabu hiyo tumewapa sisi walimu wa kujitolea.

Tulipima ramani kwa uzi. Kutoka Bukavu hadi Kinshasa, ukinyoosha sawasawa, ni karibu kilomita 1,500. Ndege inayokwenda kilomita 750 kwa saa itatumia saa mbili. Watoto wakapiga makofi, eti kumbe karibu! Tena kuna la kuchekesha: nchi ni moja, lakini saa ya Kinshasa iko nyuma kwa saa moja. Ukiruka Bukavu saa nne asubuhi, unashuka Kinshasa saa tano yao. Deni unalilipa wakati wa kurudi: ukiondoka kule saa nne, unafika saa saba mchana.

Sasa ondoa ndege. Kwa gari unapita msitu wa Kahuzi-Biega, Walikale, Lubutu mpaka Kisangani, njia ya matope ambayo madereva wanaijua wenyewe. Kisangani unatafuta boti, unashuka mto kilomita 1,734. Hapo unahesabu wiki, si saa. Wapiganaji wa AFDL waliiteka Bukavu mwishoni mwa Oktoba 1996, wakaingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997. Miezi sita na zaidi, na wengi wao kwa miguu.

Uzi ule ule tukaugeuza mashariki. Bujumbura, kilomita mia moja na kidogo. Kampala, mia tano na kidogo. Nairobi kama 900, Dar es Salaam karibu 1,250. Yaani mtu wa Bukavu yuko karibu zaidi na bahari ya Dar kuliko na mji mkuu wake mwenyewe! Ndiyo maana wazee wetu walifanya biashara upande huu, na vita ilipokuja watu hawakuuliza Kinshasa iko wapi.

Hata hizo saa mbili zinategemea uwanja. Uwanja wa Bukavu uko Kavumu, nje ya mji. M23 waliuteka tarehe 14 Februari 2025, mji ukafuata tarehe 16, na safari za ndege za Kinshasa zikakatika.

Mama mmoja jirani yetu ana kijana anayesoma Kinshasa. Alitusikia tukisahihisha hesabu hizi, akauliza: je, akitaka kuja kunisalimia hapa kambini? Tukamfuatia njia kwa kidole. Ndege mpaka Lubumbashi, karibu kilomita 1,570, tena saa mbili na kidogo. Halafu gari: Kasumbalesa, avuke Zambia mpaka Nakonde, aingie Tunduma, Sumbawanga, Mpanda, ndipo Kasulu. Mipaka miwili, na bado hatujagusa mambo ya pasipoti na kibali cha kuingia kambini. Mama hakusema kitu. Akaomba tumwandikie majina yote kwenye karatasi, kwa mpangilio, amsomee kijana kwenye simu.

Kama yuko mzazi aliyewahi kushuka mto toka Kisangani, tunamwomba sana apite darasani siku yoyote kabla ya saa sita. Watoto wanataka kujua mlikuwa mnakula nini njiani na mlilala wapi.