Mchoraji Aliyekwenda Vitani

Aghalabu kila mtu ana kitu anachokiweka akiba bila ya kutarajia faida. Wako wanaohifadhi stempu za barua, wako wanaohifadhi sarafu za zamani, na askari wengi huhifadhi beji na vifungo vya sare walizokwisha kuzivua. Mimi hukusanya vitabu vya hadithi za picha, vile vya mashujaa wenye nguvu zipitazo za binadamu. Wala si vyote, bali vile tu vilivyochorwa na Mmarekani mmoja aitwaye Jack Kirby. Nimeulizwa mara nyingi, nyumbani na ofisini, ni kwa nini mtu mzima mwenye familia ajishughulishe na vitabu vya watoto. Leo naomba nafasi katika ukurasa huu nijibu.

Kirby alizaliwa tarehe 28 Agosti 1917 mjini New York, katika mtaa wa wahamiaji maskini. Jina alilopewa na wazazi wake Wayahudi lilikuwa Jacob Kurtzberg, na baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Yeye na mwenziwe, Joe Simon, ndio waliobuni Captain America. Toleo la kwanza lilikuwa na tarehe ya Machi 1941, nalo liliuzwa kwa senti 10. Jaladani shujaa yule anaonekana akimtandika Hitler ngumi ya taya, ilhali Marekani yenyewe haikuingia vitani mpaka Desemba mwaka huo. Simon ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba watu waliompenda Hitler waliwatisha hata ikabidi polisi wawekwe kulinda ofisi, na Meya La Guardia mwenyewe akawapigia simu kuwaahidi ulinzi. Kumbe hata karatasi ya senti 10 yaweza kuhitaji askari mlangoni.

Mkusanyaji hujifunza kuutambua mkono wa mchoraji kama mama atambuavyo mshono wake. Mashujaa wa Kirby wana vidole vinene vya pembe nne. Ngumi zao hutokeza mbele kana kwamba zitachana ukurasa. Anga zake zimejaa madoa meusi ya duara yanayochemka kama povu, na mitambo yake ni mikubwa kuliko nyumba. Yeye alichora kwa penseli, na watu wengine wakatia wino juu yake: Joe Sinnott katika hadithi nyingi za miaka ya 1960, na Mike Royer katika nyingi za miaka ya 1970. Mwaka 1966, yeye na mwandishi Stan Lee walimtoa Black Panther, mfalme wa Wakanda, nchi ya Afrika isiyokuwamo katika ramani yoyote. Sinema ya mfalme huyo ilipotoka mwaka 2018, alikuwamo Daniel Kaluuya, aliyezaliwa London na wazazi kutoka Uganda. Watu wengi wa hapa kwetu walimjua Black Panther siku hizo, lakini jina la mchoraji hawakulijua.

Basi, ndugu zangu wa jeshini, sikilizeni jambo linalowahusu. Mwaka 1943 Kirby aliandikishwa jeshini. Agosti 1944 aliteremka pwani ya Normandy nchini Ufaransa, miezi miwili na zaidi baada ya shambulio la kwanza, akiwa askari wa miguu. Ofisa wake alipofahamu kwamba huyu ndiye mchoraji wa Captain America, alimtuma mbele ya wenzake, karibu na adui, akaangalie na kuchora ramani za mahali. Hivyo kipaji chake hakikumtoa katika hatari. Kilimpeleka ndani yake. Katika baridi ya mwisho wa mwaka huo miguu yake iliganda vibaya, hata madaktari wakafikiria kuikata. Miguu ikapona, naye akaachiliwa jeshini Julai 1945.

Kwangu anakaa mtoto wa kaka yangu, ambaye ni askari aliye kazini mbali na nyumbani. Mtoto huyo alipozisoma hadithi za Captain America, aliniuliza, "Baba mdogo, huyu aliyechora alipigana kweli?" Nikamwambia alipigana. "Na yeye alikuwa na ngao kama hii?" Nikamjibu kwamba ngao isiyopenywa na risasi imo kitabuni tu, hakuna askari aliye nayo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hata baba?" Nikasema, "Hata baba yako."

Sikupenda kumficha, wala sikupenda kumwacha na hofu. Nilifungua sanduku nikamtolea matoleo ya The Losers, ambayo Kirby aliyachora mwaka 1974 na 1975 katika gazeti liitwalo Our Fighting Forces. Yako 12, toka namba 151 hadi 162. Mimi ninayo 9. Humo hamna arukaye angani. Wamo wapiganaji wanne tu wa vita vile ambavyo Kirby alivishuhudia, na mmoja wao, Captain Storm, ana mguu wa mti. Mtoto aliutazama mguu ule kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo yeye huchora, lakini askari wake hawana ngao. Wana mabuti, mikoba na chupa za maji, na mmoja daima anaandika barua. Michoro hiyo humpelekea baba yake, naye baba hujibu kwa kumsahihisha jinsi bunduki ibebwavyo. Kabla ya hapo walikuwa wakiulizana habari za shule tu.

Limo na somo jingine, linalomhusu kila mfanyakazi. Kirby alilipwa kwa ukurasa, na mashujaa aliowabuni wakawa mali ya kampuni. Hata karatasi alizochora kwa mkono wake alizidai kwa miaka mingi. Mwaka 1987 alirudishiwa kiasi cha kurasa 2,000, sehemu ndogo ya alizochora. Alifariki tarehe 6 Februari 1994. Kesi ya warithi wake ilimalizwa kwa mapatano mwaka 2014. Mwaka 2022 nakala moja ya toleo lile la senti 10 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 3. Wenye vipaji na wawaambie watoto wao: soma mkataba kabla ya kutia sahihi.

Kwa wale watakaotaka kuanza, nina mashauri machache. Karatasi ya vitabu hivi ni dhaifu, na jua huigeuza kuwa ya kahawia. Viwekwe mahali pakavu penye giza, visimame wima, kila kimoja katika mfuko wake. Sanduku lisiguse sakafu wala ukuta, maana mchwa hajui Kirby ni nani. Ukurasa uliochanika usibandikwe utepe wa gundi, kwani utepe huacha doa lisilotoka. Asiyeweza kupata matoleo ya zamani anunue yaliyochapwa upya, hadithi ni ile ile. Nasi nyumbani tuna sheria aliyoiweka mke wangu: karo kwanza, chakula pili, Kirby baadaye. Ndiyo sababu nina 9 badala ya 12.

Matoleo matatu yaliyobaki nitayatafuta polepole. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini wewe uliye mbali na wanao, usingoje kupata sanduku kama langu. Chukua penseli, chora mahali unapolala na sufuria mnayopikia, kisha uwatumie. Mchoro usipopendeza si kitu. Watakuuliza maswali, nawe utapata la kuwajibu.